Pampu Ikivuja, Usikimbilie Kuziba

Kuna tabia moja ya baadhi ya mafundi wetu ambayo ningeomba ikome. Pampu ya maji ikianza kudondosha matone chini ya mota, fundi anainama, anaona kitundu kidogo maji yanapotokea, anachanganya gundi ya chuma na kukiziba. Matone yanakoma. Fundi analipwa, mwenye nyumba anafurahi, na baada ya muda pampu inaanza kunguruma, kisha inapiga shoti, kisha inachukuliwa na wanunuzi wa chuma chakavu. Kile kitundu kiliwekwa kiwandani kwa makusudi. Kazi yake ni kuyatoa nje maji yaliyopenya, ili yasifike kwenye beringi na nyaya za mota. Ukikiziba hujazuia kuvuja, umeyaelekeza maji ndani.

Naandika haya kwa sababu pampu zimekuwa nyingi. Hata pale linapofika bomba la Mamlaka ya Maji Masasi-Nachingwea, linaloleta maji ya chanzo cha Mbwinji, wengi hatuishi bila tanki la chini na simtanki juu ya mnara, na katikati yake lazima iwepo mashine ya kupandisha. Ruangwa nako, mji umetanuka na nyumba za wageni zinaongezeka. Mabwawa ya kuogelea katika wilaya hizi mbili, Nachingwea na Ruangwa, bado ni ya kuhesabika, lakini mwenye bwawa, mwenye gesti na mwenye bustani ya mchicha bondeni wana pampu za ukoo mmoja. Zina mota upande mmoja, maji upande wa pili, na shafti inayopita katikati. Nitakayoyasema kuhusu moja yanazihusu zote, na pale pampu ya bwawa inapotofautiana nitasema.

Kabla ya kugusa chochote, zima breka. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, maana swichi nyingi zimefungwa kinyume na zinakata waya usio na moto. Umeme wetu ni wa volti 230, na hapa mtu anashika chuma kilicholowa huku amesimama kwenye sakafu iliyolowa. Kama pampu inakurusha ukiigusa, au breka inajikata kila ukiwasha, suala si la fundi bomba tena. Maji yamekwisha kuingia kwenye mota, mwite fundi umeme. Kwa bwawa la kuogelea hili halina mjadala: pampu inayovuja na kurusha umeme izimwe, na watu watoke majini kwanza, mengine baadaye. Fundi wako pia ajue kwamba kapasita, kile kikopo kilicho juu au ubavuni mwa mota, huweza kubaki na umeme hata baada ya kuzima. Watoto wasikichezee.

Sasa tafuta maji yanatokea wapi. Watu wengi hutazama mahali maji yanapodondokea, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu maji hufuata mwili wa pampu, huzunguka chini ya tumbo lake na kudondoka mbali na yalikotokea. Futa pampu yote kwa kitambaa mpaka ikauke kabisa, pamoja na mabomba yanayoingia na kutoka. Kisha nyunyizia vumbi la chaki au jivu kavu kwenye viungio na chini ya mahali mota inapokutana na pampu. Washa, chuchumaa pembeni, tazama. Tone la kwanza litachora mstari mweusi kwenye jivu, na mstari huo uufuate kwenda juu mpaka unapoanzia. Kazi hii haimalizi hata chai ya kikombe kimoja, na inazidi makisio ya fundi yeyote aliyesimama wima.

Jambo la pili la kutazama ni wakati. Je, inavuja ikiwa imewashwa, ikiwa imezimwa, au nyakati zote? Pampu ikifanya kazi, upande wa kutoa maji huwa na msukumo, kwa hiyo kiungio kibovu huko kitarusha maji wakati mashine inaunguruma. Upande wa kuvuta ni kinyume chake. Mashine ikiwa inafanya kazi, upande huo unanyonya, hivyo ufa hautoi maji bali unaingiza hewa. Ukizima, ndipo maji yanapoanza kudondoka. Ndiyo maana mtu anaweza kulalamika kwamba pampu yake inapandisha maji kwa kukohoa, simtanki halijai, na asione tone lolote chini. Kwenye bwawa la kuogelea dalili yake ni mapovu yanayotoka kwenye matundu ya kurudishia maji. Ukiona mapovu, usihangaike na mota, nenda kwenye mabomba ya kuvutia na kwenye mfuniko wa chujio.

Mfuniko huo wa pampu ya bwawa, ule wa plastiki angavu unaoonyesha kikapu cha kudaka majani, una mpira wa mviringo, oringi, na hapo ndipo pampu nyingi za mabwawa huanzia ugonjwa. Toa oringi, iondolee mchanga, kagua kama imepasuka au imekuwa bapa. Ikiwa nzima, ipake grisi ya silikoni. Usipake mafuta ya kujipaka wala grisi ya gari, maana mafuta ya petroli huuvimbisha mpira wa aina nyingi na kuulainisha, na mwezi ujao utarudi palepale. Kaza mfuniko kwa mkono. Kuukaza kwa spana ni kuomba upasuke.

Viungio vya uzi vina kosa lake. Fundi akiona kiungio kinavuja, anaongeza nguvu. Kwa chuma na chuma hiyo inaweza kusaidia, lakini kwa plastiki kwenye plastiki unapasua soketi au mwili wenyewe wa pampu, na ufa wa mwili wa pampu hautengenezeki kwa maana ya kudumu. Fungua, safisha uzi, zungushia tepu nyeupe kwa kufuata upande wa kukazia, rudisha, kaza kwa mkono kisha malizia kidogo kwa spana. Kama kiungio cha PVC kwenye mdomo wa kutolea kimelegea na uzi wake umelainika na kupungua unene, jua kwamba pampu iliwahi kuchemka. Maji yalifungiwa ndani mashine ikiendelea kuzunguka, yakapata moto, plastiki ikasinyaa. Dalili hiyo iweke akilini, tutairudia.

Tukifika katikati, pale mota inapokutana na pampu, tumefika kwenye sili. Sili ni jozi ya pete mbili zilizong'arishwa. Moja ni ya kauri nyeupe, imekaa tuli kwenye mwili wa pampu. Nyingine ni nyeusi, ina springi nyuma yake, nayo inazunguka pamoja na shafti. Springi inazibana uso kwa uso, na utando mwembamba mno wa maji unapita kati yake kuzilainisha na kuzipoza. Ile nyeusi hutengenezwa kwa kaboni iliyochanganywa na kinywe, madini yaleyale yanayozungumzwa sana vijijini Ruangwa. Sijui wangapi wanaopita karibu na ardhi ya kinywe wanajua kwamba kipande chake kinafanya kazi usiku na mchana kwenye mashine zao za maji.

Kwa kawaida pete hizo hudumu miaka. Kinachoziua mapema, mara nyingi kuliko uzee, ni kuzunguka bila maji. Utando ule ukikosekana, kauri inapata moto ndani ya muda mfupi sana, na tone baridi likiigusa inapasuka. Na huku kwetu njia ya kukosa maji inajulikana. Umeme unakatika. Valvu ya mguuni, ile iliyo mwisho wa bomba kisimani au ndani ya tanki la chini, imeshikwa na takataka na haifungi vizuri. Maji yote yaliyomo kwenye bomba yanarudi chini. Umeme unarudi usiku, swichi haikuzimwa, pampu inawaka ikiwa kavu na kuzunguka hadi alfajiri. Asubuhi mwenye nyumba anakuta maji hayajapanda, anamimina maji kwenye pampu, inashika, inapandisha, mambo yanakwenda. Siku chache baadaye matone yanaanza.

Hapo ndipo kosa kubwa linapofanyika. Fundi anabadilisha sili, kazi safi kabisa, anaondoka. Valvu ya mguuni iko vilevile. Umeme ukikatika tena, sili mpya inafuata njia ya ile ya kwanza, na mwenye nyumba anaanza kusema vipuri vya siku hizi ni feki. Viko feki kweli, sibishi. Lakini nikiletewa pampu ambayo sili yake imekufa mara mbili kwa mfuatano, sitaanza kwa kulaumu duka. Nitauliza maji yanakosekana lini.

Muuaji wa pili ni mchanga. Visima vingi vya maeneo yetu vina mchanga mwembamba, na tanki la chini ambalo halijaoshwa tangu lijengwe lina tope la kutosha sakafuni. Bomba la kuvutia likigusa sakafu hiyo, chembe zinaingia kati ya pete mbili na kuzichora mistari. Ukiishika pete nyeusi ya pampu ya namna hiyo kwenye mwanga utaiona mistari kwa macho, imezunguka kama sahani ya santuri. Iliyokufa kwa ukavu ina sura nyingine: imebadilika rangi, imepasuka vipande, au mpira wake umeungua na kuwa mgumu. Kwa hiyo usikubali fundi aitupe sili ya zamani. Mwambie akupe mkononi uitazame.

Kwa mabwawa ya kuogelea yuko muuaji wa tatu, dawa. Vidonge vya klorini vikiwekwa ndani ya kikapu mbele ya pampu, maji makali yanapita moja kwa moja kwenye sili na vyuma. Na ndoo ya klorini ikihifadhiwa kwenye kijumba cha pampu, mvuke wake unaila mota kwa nje. Weka dawa mbali, na uchachu wa maji ubaki kati ya pH 7.2 na 7.8.

Kubadilisha sili si kazi ya ajabu, ila inataka usafi. Funga valvu za pande zote mbili, toa maji kupitia nati ya chini. Piga picha kwa simu kila hatua, hasa nyaya, kabla ya kufungua. Bolti zinazounganisha pampu na mota zikitoka, mota hurudi nyuma na kutoka pamoja na impela, feni ile inayosukuma maji. Pampu ndogo nyingi za nyumbani zina impela ya shaba iliyokaa kwenye shafti kwa ufunguo mdogo, nayo huvutwa kwa bisibisi mbili pande zote mbili kwa usawa, si kwa kugongwa. Za mabwawa mara nyingi ni za plastiki na zimefungwa kwa uzi, hivyo inabidi uishike shafti kwa nyuma kwenye feni ya kupozea. Baadhi zina skrubu katikati ya impela yenye uzi wa kinyume. Ikigoma, jaribu upande wa pili kabla hujaikata kichwa.

Sili ikiwa nje, shika shafti uitikise, kisha izungushe kwa vidole. Ikicheza au ikikwaruza, beringi imekwisha kula maji, na kuweka sili mpya juu ya beringi mbovu ni kutupa hela, maana shafti itayumba na pete hazitakaa uso kwa uso. Beringi ina namba ubavuni, kama 6202 au 6203, na duka lolote la vipuri vya pikipiki au mashine litakuelewa ukiitaja. Kagua pia pale mpira wa sili ulipokuwa umekaa kwenye shafti. Kama pana kutu, isugue kwa msasa laini mpaka iwe nyororo.

Pete mpya zisiguswe usoni kwa vidole vyenye mafuta au vumbi. Mpira wake ulowanishe kwa maji safi yenye sabuni kidogo, si grisi. Ya kauri isukume taratibu kwenye nafasi yake ukitumia kipande cha bomba la PVC kinachoienea na kitambaa katikati, uso wake unaong'aa ukitazama upande wa impela. Nyeusi ifuate, uso wake uking'aa kuelekea kauri. Nimeona zimewekwa kinyume na watu wazima. Weka gasketi au oringi mpya ya mwili, kaza bolti kwa kupishana, kidogokidogo. Halafu jaza maji kwenye pampu mpaka yafurike ndipo uwashe. Sili mpya inaweza kudondosha matone machache mwanzoni wakati pete zinazoeana. Yasipokoma, kuna kitu hakikukaa.

Kuhusu kupata vipuri, Nachingwea ina historia chungu na mashine zisizo na vipuri. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, na moja ya mambo yaliyowashinda ni matrekta yaliyonunuliwa yakiwa yamekwisha kutumika, ambayo vipuri vyake havikupatikana. Mradi ulifutwa mwaka 1951, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara kuuhudumia ikang'olewa miaka ya 1960. Leo kipuri kinakuja kwa basi kutoka Masasi, Mtwara au Kariakoo, mradi ueleze vizuri unachotaka. Kusema "sili ya pampu ya hosi moja" hakutoshi, kwa sababu hosi moja ya kampuni hii si ya kampuni ile. Sili hupimwa kwa unene wa shafti kwanza, kisha kipenyo cha kauri na urefu wa springi. Weka ile ya zamani mezani kando ya rula, piga picha, tuma. Kipige picha pia kibati kilichoandikwa jina na namba ya pampu. Bei ya sili ni sehemu ndogo sana ya bei ya pampu, kwa hiyo agiza mbili.

Wenye gesti hasa niwaombe jambo. Fundi akikwambia, "Mama, hii mashine imekwisha, nunua nyingine," usitoe hela palepale wala usigombe naye. Mwulize, "Sawa mwanangu, lakini maji yanatokea wapi, na kilichoiharibu ni nini?" Anayejua kazi atakuonyesha kwa kidole. Yapo mazingira ambayo kununua mpya ndiyo akili: mwili umepasuka, koili imeungua na shafti imeliwa kwa pamoja, au gharama ya kusuka mota upya inakaribia bei ya pampu. Nje ya hapo, kuvuja pekee si hukumu ya kifo.

Na msidharau matone. Kinga chupa ya nusu lita chini ya pampu utazame saa. Ikijaa kwa dakika 10, unapoteza lita 3 kwa saa, lita 72 kwa siku, zaidi ya ndoo tatu za lita 20, na kama yamepita kwenye dira ni yako kulipa. Mwenye bwawa ana kipimo chake. Jaza ndoo maji ya bwawa, iweke kwenye ngazi ya ndani ili maji ya ndoo na ya bwawa yawe usawa mmoja, weka alama, rudi baada ya saa 24. Yote yakishuka sawa, ni jua la Oktoba tu. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, linavuja, na kwa bwawa la mita 8 kwa 4 kila sentimita moja ni lita 320.

Kinga yenyewe ni ya vitu vya kawaida. Weka floti kwenye tanki la chini inayokata umeme maji yakipungua, maana floti ya simtanki inazuia kufurika tu, haiilindi pampu. Safisha au badilisha valvu ya mguuni. Inua mdomo wa bomba la kuvutia juu ya sakafu ya tanki, kiasi cha kiganja. Mabomba yashikiliwe na ukuta yasiining'inie pampu, na pampu ifungwe kwa bolti kwenye zege isitetemeke. Ijengee kibanda cha kuzuia jua na mvua, lakini kiwe na hewa. Kuifunika kwa gunia ni kuipika. Na ile dalili ya uzi wa PVC uliosinyaa ina maana kuna valvu mtu huifunga huku pampu ikiwaka. Mtafute ni nani, mara nyingi ni kijana wa bustani ambaye hakuna aliyemweleza.

Mvua zetu zikiisha Aprili hadi zianze tena mwishoni mwa mwaka, pampu hufanya kazi ngumu zaidi na maji huwa chini zaidi. Fanya ukaguzi huu kabla ya Agosti, ukiwa bado na maji ya kutosha tankini ya kusubiria kipuri kiletwe na basi. Na kama kitundu cha chini ya mota yako kimezibwa na gundi, chukua msumari mwembamba leo hii, zima breka, ukizibue.